Mwalimu na Wanawake wa Juu ya Ukuta

Kila aliposimulia vita, Mwalimu alianzia juu ya ukuta. Hakuanzia ufukweni walikotua wavamizi na marikebu zao, wala kwenye hema walikogombana wakubwa. Alianzia juu ya boma la mji uliozingirwa, mahali wanawake walipopanda kuwatazama waume zao wakipigana bondeni.

"Hawa ndio wanaouona uwanja mzima," alikuwa akisema. "Mpiganaji anaona ngao ya adui yake tu. Basi na sisi tukae hapa, tutazame pamoja nao."

"Hapa" palikuwa sebuleni kwa binti yake, katika ghorofa moja ya Al Mansoura, juu ya duka la mshonaji wa mabuibui. Binti yake alikuwa muuguzi. Mwalimu mwenyewe alisomesha fasihi miaka mingi kwao Kenya, akaja Doha kufundisha shule ya kigeni, na alipostaafu akabaki kwa binti. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa tenzi za kale za Wagiriki, zile ndefu za vita na safari. Alizisoma chuoni akiwa msichana, na kwa maneno yake mwenyewe, hakupata kupona. Kila Ijumaa alasiri alizisimulia kwa Kiswahili kwa mwanamke yeyote aliyepata mapumziko na akawa tayari kuvua viatu mlangoni.

Mimi nilipelekwa na Zainabu, mtu wa kwetu Tanga. Tulikuwa hoteli moja huko Al Sadd, yeye upande wa vyumba, mimi mapokezi. Aliniambia, "Twende dada, kuna bibi anasimulia vita utadhani alikuwapo." Nilikwenda kwa ajili ya chai. Nikarudi kwa ajili ya yule bibi.

Alikuwa mrefu, mwenye mifupa mizito na sauti ya mtu aliyezoea madarasa makubwa yasiyo na kipaza sauti. Alichukia kiyoyozi. Katikati ya Julai, sisi tukiingia tunachuruzika jasho, tulimkuta amevaa sweta na soksi, amezima mashine, amefungua dirisha hewa ya moto iingie. Binti akiingia anaiwasha. Mwalimu anasubiri aende jikoni, anaizima. Hawakuwahi kugombana kwa maneno juu ya jambo hilo. Waliliendesha hivyo hivyo mwaka hadi mwaka.

Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu, na hakumsamehe mtu. Wanjiru, muuguzi aliyefanya kazi na binti yake, alizoea kuchanganya lugha kama wafanyavyo vijana wa Nairobi, na kila mara alikatizwa. Lakini Mwalimu huyo huyo, akitazama mpira kwenye runinga, alitukana kwa lugha tatu na hakuna hata moja iliyokuwa sanifu.

Hilo halikuwa peke yake katika mambo yake yasiyopatana. Aliwadharau mashujaa. Aliwaita "wavulana wenye mikuki". Alisema yule mkubwa wao, aliyesusa vita kwa hasira, angefaa kupelekwa nyumbani kwa mama yake, na kwamba kwa kweli mama yake alikuja. Hata hivyo alipofika kwenye mapigano yenyewe, sweta lilivuliwa. Alisimama, akarusha mkuki usiokuwapo, akaiga mlio wa shaba ikigonga shaba, na jirani wa chini akagonga dari. Siku moja nilimuuliza iweje achukie vita na kuvisimulia kwa raha namna ile.

"Aliyetunga naye alikuwa hivyo hivyo," akajibu, akihema. "Ndiyo maana simwamini moja kwa moja. Ndiyo maana nawapeleka ukutani kwanza, kabla hajawalevya."

Alikuwa na maswali yake ya kudumu. Kila baada ya pigano alituuliza: maji ya kuoshea damu hii yalitekwa na nani? Nani aliyachemsha? Tenzi zile, alisema, zinakutajia baba wa mtu na babu yake na farasi wake, halafu zinakutajia mwanamke katika orodha ya zawadi, baada ya sufuria za miguu mitatu na kabla ya mabeseni. Alitaka tuzisome tukiwa na hasira kidogo. "Kidogo tu," aliongeza. "Ukizidisha utashindwa kusikia."

Mwanamke aliyempenda kuliko wote humo hakuwa malkia. Alikuwa mateka. Wavamizi waliuchoma mji wake, wakamuua mumewe na ndugu zake, kisha wakagawana watu, naye akaangukia kwa yule shujaa mwenye hasira. Baadaye akanyang'anywa na mkubwa mwingine, na ugomvi wa wanaume wawili juu yake ndio unaouwasha utenzi wote. Wakati wote huo yeye hasemi neno. Anasema mara moja tu, karibu na mwisho, akiililia maiti ya rafiki wa bwana wake, kwa sababu mtu yule alikuwa mpole kwake. Na mateka wenzake wakalia pamoja naye. Kwa nje walimlilia yule mtu. Kwa ndani kila mmoja alilia ya kwake.

Siku aliyotusimulia hilo, alikuwapo Mwanaidi, mama wa makamo kutoka Unguja aliyefanya kazi ndani ya nyumba moja ya wenyeji. Mwanaidi huwa hasemi sana. Siku hiyo alikiweka chini kikombe.

"Mimi yamenitokea hayo," alisema. "Alipofariki bibi mkubwa wa ile nyumba nililia mpaka binti zake wakaja kunishika. Wakaambiana, tazameni alivyompenda mama. Na kweli nilimpenda, alikuwa hanifokei. Lakini mwezi ule ule mamangu alikuwa amekufa Makunduchi, na mimi sikwenda. Sikupata pa kumlilia. Basi nikaupata msiba wa wenyewe, nikaingia humo humo."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sweta, akaivaa, akaivua tena.

"Nimelifundisha fungu hili maisha yangu yote," akasema, "na leo ndiyo kwanza nimelisikia likizungumza."

Siku hiyo hakuendelea. Alimwomba Mwanaidi atueleze habari za mamake, na Mwanaidi akatueleza mpaka magharibi ilipoadhiniwa.

Kulikuwa na utenzi mmoja aliokataa kutusimulia. Ni ule wa pili, wa shujaa anayehangaika baharini miaka na miaka huku mkewe akimngoja nyumbani, akifuma mchana na kufumua usiku ili awachenge wanaume waliotaka kumwoa. Sote tulikuwa tumeusikia kwa mbali na tuliutaka, maana unaisha vizuri. Wanjiru alimbembeleza kila mara. "Mwalimu, tupee hata nusu. Si huyo alirudi?"

"Alirudi," Mwalimu alijibu. "Ndiyo maana sitaki."

Binti yake ndiye aliyenieleza siku moja tukiosha vyombo. Mwalimu aliolewa na mwanajeshi. Mumewe alipelekwa kulinda amani nchi ya watu, akakaa huko, naye akamngoja kwa uaminifu na wivu na sala. Akarudi mzima, viungo vyote. Lakini alikuwa akila amegeukia mlango, na mtoto akiangusha kijiko aliruka. Waliishi pamoja hadi alipofariki bila kujuana tena. "Mama husema alimwandalia mtu chakula, akaja mtu mwingine akakila," binti aliniambia. Mwalimu mwenyewe hakunitajia jambo hilo kamwe. Nilichomsikia akisema ni kwamba utenzi ule wa pili unamsifu mke kwa kungoja, na haumuulizi alichokipata.

Sasa nifike kwa Hamisi.

Hamisi alikuwa mume wa Zainabu. Alikuwa mlinzi kwenye majengo ya Lusail, kijana mcheshi, mwembamba, aliyeweza kuiga sauti ya kila msimamizi wake. Walipanga chumba kimoja hapo hapo Al Mansoura. Siku moja wakala fulani, mtu wa kukutana naye mkahawani tu, akamtafutia kazi katika nchi ya mbali yenye vita. Kulinda ghala la vyakula, alimwambia, nyuma kabisa, hata mlio wa bunduki huusikii. Mshahara ulikuwa wa kumfanya mtu asiulize. Zainabu aliuliza, akajibiwa kwa mzaha. Aliuliza tena, akajibiwa kwa ukali. Ndipo akaja kwa Mwalimu.

"Niongelee naye," alimwomba. "Mimi ananiona nalia tu. Wewe ni mtu mzima."

Mwalimu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwalika mwanamume darasani. Hamisi alikuja na kilo ya tende, akaamkia, akakaa karibu na mlango. Mwalimu hakumtajia safari. Alisimulia juu ya mke wa mlinzi mkuu wa mji ule, aliyekimbia mpaka langoni na mtoto akiwa mikononi mwa yaya, akamshika mumewe mkono. Hakulia tu yule mke. Alimwonyesha mumewe mahali ukuta ulipokuwa dhaifu, penye mtini, ambapo adui alishajaribu kupanda. Akamwambia, waweke watu wako hapa, pigana ukiwa ndani, usitoke. Mume akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ataona haya mbele za watu akijificha kama mwoga. Akamwambia arudi kwenye ufumaji wake, vita ni kazi ya wanaume.

"Ati arudi kufuma?" Wanjiru alidakia. "Na vile alikuwa amempatia plan poa!"

"Mpango mzuri," Mwalimu alimsahihisha, bila kumtazama. Alikuwa akimtazama Hamisi.

Hamisi hakuwa mjinga. Alitabasamu, akainamisha kichwa. "Mwalimu, nimeipata. Lakini yule bwana alikuwa na mji wake wa kulinda, asingeweza kukaa."

"Ndiyo. Na wewe, mwanangu, unakwenda kulinda mji wa nani?"

"Nyumba yangu ya Tanga," akasema. "Haijapauliwa mpaka leo. Watu wanapita wanaitazama. Wanasema huyo yuko Uarabuni, na nyumba inaota majani ndani."

"Mimi sijakudai paa," Zainabu alisema.

Alisema polepole, mbele yetu sote, na nadhani lilikuwa kosa kulisema mbele yetu. Uso wa Hamisi ulikunjamana. Aliaga kwa adabu, akamwachia Mwalimu tende zake. Baada ya muda mfupi alisafiri.

Mwanzoni alipiga simu kila siku. Ghala lipo, baridi ni kali, wenzake ni Waganda na Wakenya. Kisha akapiga mara moja moja. Kisha akatuma picha amevaa kofia ya chuma, na Zainabu akajua kwamba mlinzi wa ghala havikwi kofia ya namna ile. Alimwandikia, "Wamekupa bunduki?" Akajibu, "Usijali." Baada ya hapo simu ikawa haiiti.

Habari ililetwa na Mganda mmoja aliyekuwa pamoja na Hamisi, aliyepata namba ya Zainabu kwa marehemu mwenyewe. Gari lao lilipigwa. Hamisi alifia njiani.

Mwalimu alikwenda chumbani kwa Zainabu siku ile ile, nami nilikuwapo. Wanawake walijaa hadi kwenye ngazi. Mwalimu, ambaye ni Mkristo, alikuwa amejifunika mtandio wa binti yake vibaya, nywele nyeupe zikichungulia. Akakaa chini kwenye mkeka karibu na Zainabu, akamshika mkono. Na kwa mazoea ya maisha yake yote, akafungua mdomo akaanza kusema juu ya wanawake wa mji ule, jinsi maiti ya shujaa wao iliporudishwa, wakaizunguka, mkewe akalia kwanza, akafuata mama, akafuata shemeji…

Zainabu aliinua uso. "Mwalimu, wao walipewa maiti."

Mwalimu akauvuta mtandio uliokuwa ukimteleza.

"Wao walikuwa na kichwa cha kushika," Zainabu aliendelea, bila ukali, kama mtu anayeeleza jambo kwa mgeni. "Mimi nina simu. Nililie simu?"

Mwalimu akasema, "Kweli, mwanangu. Hilo sikuliona." Akanyanyuka kwa taabu, magoti yakimuuma, akaenda jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amekunja mikono ya gauni, anasugua sufuria la pilau la watu wote wale, na hakukubali kupokewa.

Ijumaa zilizofuata hakukuwa na darasa. Nilidhani amesusa, au ameona haya. Baadaye nikajua alikuwa akimsindikiza Zainabu kutoka ofisi hadi ofisi, akikaa kwenye viti vya plastiki, akizungumza Kiingereza chake kizito cha zamani mpaka makarani wanasimama. Mwili haukupatikana. Ilikuja taarifa rasmi ya kifo, basi. Lakini Mwalimu hakuchoka kumtafuta yule Mganda, ambaye namba yake ilikuwa haipatikani tena, na alipompata alimpa Zainabu simu akatoka chumbani.

Mganda alikuwa Mwislamu. Akaeleza kwamba walimzika wenyewe kando ya barabara, chini ya miti, wakamsalia, watu wachache, haraka haraka, wakiwa wamevaa viatu. Hawakuwa na sanda. Walimfunga blanketi lake. Alitaja jina la kijiji. Zainabu alimfanya alitamke jina hilo tena na tena hadi alipoweza kulitamka mwenyewe.

Kabla hajarudi Tanga tulimsomea Hamisi hitima pale Al Mansoura. Ilipokwisha, Mwalimu aliomba kusema neno, na mimi nikaogopa ataanza tena na tenzi zake. Akasema tu, "Zainabu, tueleze alivyokuwa." Na Zainabu akatueleza kwamba alikoroma. Kwamba alijiona bingwa wa kupika pweza na kila mara alizidisha chumvi. Kwamba usiku wa harusi yao aliigiza sauti ya mjomba wake anayetoa mahari, mpaka somo, kungwi wake, aliyekuwa nje akagonga mlango kuuliza kuna nini humo ndani. Tulicheka, tukalia, tukacheka. Akafuata Mwanaidi, naye akasema alilolijua. Hata Wanjiru akasema, kwa Kiswahili chake cha Nairobi, na Mwalimu hakumsahihisha hata neno.

Darasa lilirudi, lakini lilibadilika. Mwalimu alisimulia kidogo na kuuliza sana. Mapigano aliyaruka. Wengine walichoka wakaacha kuja. Mimi nilihamishiwa tawi la Lusail, zamu zikanibana, na Ijumaa zikanipita.

Mara ya mwisho kumwona kwa kirefu ni mwaka huu, Al Mansoura, asubuhi, kwenye duka la vitambaa. Nilimtambua kwa sweta. Alikuwa amekonda, na ameshika fimbo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Njoo unitafsirie, huyu mzee haelewi Kiarabu changu."

Muuzaji alikuwa Myemeni wa umri wake, mpole. Nilimuuliza Mwalimu anatafuta nini.

"Kitambaa cha bibi harusi. Zainabu anaolewa." Alinitazama aone nitafanya nini na uso wangu. "Na seremala wa mtaa wao, mjane kama yeye. Alinipigia kuuliza kama ni mapema. Nikamwambia mimi si kadhi wako. Akasema, 'Sikuulizi ruhusa, Mwalimu, nakuuliza kama utakuja.' Nakwenda. Binti yangu amekasirika, anasema magoti haya hayafiki Tanga."

Kisha akaegemea kaunta, akateremsha sauti. "Nimewasoma wajane wa vita tangu nikiwa msichana. Wote walichukuliwa. Huyu wa kupewa bwana huyu, yule wa kupewa bwana yule. Sikumbuki hata mmoja aliyepiga simu kutoa mwaliko."

Muuzaji akaniuliza bibi harusi ni nani, ili ajue ateremshe kipi. Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Mwalimu alinizuia, akavuta kigoda, akakaa, akaanza kumweleza mwenyewe, kwa Kiarabu cha kuvunjikavunjika, nami nikimjazia. Alimweleza Zainabu wa vyumba vya hoteli, anavyotembea, anavyobishana. Alipofika kwa Hamisi hakumruka. Alimtaja jina, akataja vita visivyokuwa vyake, akakitaja kijiji kile cha mbali, na alikitamka sawasawa.

"Allah yarhamuh," mzee alimwombea Hamisi rehema, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye jora la kitambaa cha rangi ya majivu, kizito, cha heshima. Akakifungua taratibu mbele yetu, kama anayetoa pole.

Mwalimu akakishika, akakisifu, akakirudisha upande wake wa kaunta.

"La," akasema. "Mwambie ni harusi."

Nikamwambia. Mzee akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamzuia kijana wake wa dukani aliyekuwa ameshaifuata ngazi, akaisogeza mwenyewe hadi ukutani, akapanda polepole, akishikilia rafu, mpaka juu kabisa kwenye vitambaa vyekundu.